Barua ya wazi kutoka ghorofa ya tisa

Kwa waheshimiwa mnaotoa, mnaokagua na mnaosimamia vibali vya ujenzi katikati ya Jiji la Dar es Salaam,

Shikamooni kwa mlionizidi umri. Kwa mlio rika la wanangu, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kariakoo, na nawaandikia nikiwa Kariakoo. Nilizaliwa katika nyumba ya chini, vyumba sita, korido katikati na ua nyuma. Kiwanja ni kilekile, ila siku hizi nalala ghorofa ya tisa. Mkataba ambao familia yetu ilitia saini na mwekezaji ulisema ghorofa nane. Natanguliza hilo ili asije mtu akadhani nawanyooshea kidole nikiwa nimesimama pasafi.

Ombi langu ni moja. Kila ghorofa linalopandishwa katikati ya mji, kibali chake kibandikwe ukutani, nje, jirani anapoweza kukisoma. Kiseme ghorofa ngapi zimeruhusiwa, kila ghorofa ni ya kazi gani, shimo la chini linachimbwa mita ngapi, na mhandisi anayebeba dhamana ni nani. Kiwe kwa Kiswahili, na herufi ziwe za kusomeka na mtu aliyesahau miwani nyumbani. Nakala nyingine ikae ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mtendaji, na mtu akiitaka aonyeshwe bila kuulizwa yeye ni nani.

Najua ombi lenyewe linaonekana dogo mno kuliandikia barua ndefu. Nivumilieni, nieleze limetoka wapi.

Babu yetu mzaa mama alikuwa Mmanyema, na nyumba ile aliijenga miaka ya 1950. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa ajili ya nyumba za namna hiyo: baraza mbele, chumba kulia, chumba kushoto, choo cha wote mwisho wa ua. Mitaa imenyooka kama mistari ya daftari la hesabu. Wajerumani ndio waliotaka eneo hili liwe la Waafrika, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Walipong'olewa, Waingereza wakaweka hapa kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na watu wa mji wakalitamka jina hilo kwa ndimi zao mpaka likawa Kariakoo. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja ilikuwa Uhindini, nyumba za ghorofa mbili tatu zenye maduka chini. Mbele zaidi, kwenye upepo wa bahari, Uzunguni. Mnazi Mmoja wenyewe uliachwa wazi makusudi, tusisogeleane.

Sasa kile kilichotenganishwa kwa ramani kimeunganishwa kwa zege. Uhindini ilianza mapema. Mwaka 1971 ilitungwa sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi zikageuka wapangaji wa Msajili wa Majumba katika nyumba walizozijenga wenyewe. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na baadaye viwanja vya Kisutu na Upanga vikaanza kuingia ubia na watu wenye mitaji. Ghorofa tatu za zamani zikabomolewa, zikasimama kumi na zaidi. Kariakoo tulifuata kwa mtindo wetu: familia moja moja, kiwanja kimoja kimoja, mkataba wa kurasa chache mezani kwa wakili.

Mkipanda pantoni kutoka Kigamboni jioni, tazameni mbele. Nilipokuwa msichana, vitu virefu upande ule vilikuwa minara ya makanisa mawili, Mtakatifu Yosefu na Azania Front. Siku hizi ile minara unaitafuta kwa jicho mpaka uipate, imemezwa na majengo pacha ya mfuko wa pensheni yenye ghorofa 35 na jengo la Mamlaka ya Bandari. Lakini hayo siyo yaliyonifanya nishike kalamu. Yale ni majengo ya ofisi, yanapigwa picha za kalenda, na yakipata tatizo taifa zima litajua. Mimi naandika kuhusu yaliyo nyuma yao: ghorofa nane, kumi, kumi na mbili, yaliyobanana mpaka dirisha la jikoni kwangu na dirisha la chooni kwa jirani tunaweza kupokezana chumvi. Humo ndimo watu wanamolala.

Msinielewe kwamba nalilia nyumba ya chini. Wanaoililia mara nyingi hawakupanga foleni ya choo alfajiri pamoja na familia tano. Leo nina bomba ndani, nina mlango wangu, na kutoka hapa mpaka kituo cha mwendokasi nafika kabla chai haijapoa. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 4,364,541 katika mkoa huu, ile ya 2022 ikatukuta 5,383,728. Milioni moja ya watu imeongezeka ndani ya miaka kumi, na wakienda wote Chanika na Bunju, nusu ya maisha yao itaishia kwenye daladala. Waje mjini, wapande juu. Pale Magomeni Kota mlionyesha kwamba inawezekana: kaya 644 zilisubiri miaka mingi, na mwaka 2022 zikakabidhiwa nyumba za ghorofa ambazo kati ya jengo na jengo mtoto anaweza kuupiga mpira. Kwa hiyo sisemi msimamishe ghorofa. Nasema tusomeeni mnachokiruhusu.

Sasa habari za kwetu.

Tulikuwa warithi kumi na mmoja. Vyumba sita havigawanyiki kwa watu kumi na mmoja, hata shehe akae na mirathi mwezi mzima. Dalali akaja, nyuma yake mwekezaji. Yeye alete fedha, sisi tulete kiwanja. Yeye achukue maduka ya chini na ghorofa kadhaa, sisi tupate fleti zetu juu. Kila mtu Kariakoo anaujua mkataba huu. Umewatajirisha wengine, umewagombanisha ndugu wengine hadi leo hawazikani. Sisi tulisaini. Ghorofa nane.

Shimo ndilo lililoanza. Besimenti, tukaambiwa, kwa ajili ya magari. (Hakuna gari lililowahi kulala mle, yalihamia maduka ya mabegi kabla rangi haijakauka.) Udongo wa hapa ni mchanga wa pwani, na maji hayako mbali. Ukichimba yanakuja, ukiyanyonya kwa pampu usiku na mchana yanaondoka pamoja na kile kilichokuwa kimeshikilia msingi wa mwenzio. Pampu yetu ilitema maji barabarani wiki baada ya wiki. Watoto wa mtaa walifurahi.

Upande wa kushoto aliishi mama mmoja muuza vitumbua, umri wa mama yangu, nyumba ya chini kama ile yetu. Asubuhi moja alikuja kwetu, akakaa, akanywa maji, kisha akasema, “Mwanangu, ukuta wangu unacheka.” Nikaenda kuona. Ufa ulianzia chini ya dirisha ukapanda mpaka kwenye kenchi, na kweli ulikuwa umejipinda kama mdomo. Aliniuliza maswali mawili tu: mnachimba mpaka wapi, na mnajenga ngapi? Nilimjibu la pili, nane. La kwanza nilikuwa silijui. Akaniomba aione karatasi. Nikamwambia karatasi iko kwa mwekezaji. Mwekezaji akamwambia iko ofisini. Alikwenda huko ofisini, mama wa watu, kwa kanga zake mbili, akarudi bila kitu kwa sababu yeye si mwombaji wa kibali.

Miezi michache baadaye aliuza akaenda Mbagala. Nyumba inayocheka haipati bei ya nyumba iliyonyooka, na sisi tuliomchekesha ukuta hatukumwongezea hata shilingi. Alifariki huko. Tulikwenda mazikoni.

Jengo letu likafika nane. Tukasubiri paa. Badala ya paa zikaja nondo nyingine. Kaka yangu mkubwa akamuuliza foromani, akajibiwa kwamba kibali kimeongezwa. Kiko wapi? Ofisini. Ofisi ipi? Ofisini. Likaishia kumi na moja. Mwekezaji alituita, akatuagizia soda, akatuambia kwamba kwa kuwa jengo limeongezeka familia nayo itaongezewa fleti moja, ghorofa ya tisa. Tulitazamana. Hakuna aliyesema hapana. Fleti hiyo ndiyo ninamoandikia barua hii, na saini yangu ipo kwenye karatasi ya kuipokea.

Mwanzoni nilijiambia kwamba wenye ujuzi wao wameshapima. Halafu ikaja tarehe 29 Machi 2013. Ilikuwa Ijumaa Kuu, shule zimefungwa, nipo jikoni. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa huko Kisutu, mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka asubuhi. Walikufa watu 36, na miongoni mwao watoto waliokuwa wakicheza jirani. Siku zilizofuata tukasikia kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa kumi. Kumi, zikajengwa 16. Nyumbani kwetu jioni ile familia nzima ilikuwepo, televisheni inawaka, na hakuna aliyefungua mdomo. Nane, zikajengwa kumi na moja. Kila mmoja wetu alikuwa anafanya hesabu yake kimoyomoyo.

Fikirieni jambo moja kuhusu jengo lile la 2013. Lilikuwa katikati ya mji. Halikufichwa porini. Maelfu ya watu walipita chini yake kila siku, wakiwemo wafanyakazi wa serikali, mahakimu, wahandisi, na walimu kama mimi wanaojua kuhesabu hadi 16. Kila mtu aliziona ghorofa zikipanda, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu waliojua kwamba zilipaswa kuishia kumi walikuwa wachache na namba hiyo ilikuwa ndani ya jalada. Ingekuwa imeandikwa kwenye mabati ya uzio, KIBALI: GHOROFA 10, siku fundi anaanza kufunga nondo za ya 11 muuza kahawa angekuwa wa kwanza kuuliza.

Kisha ikaja zamu ya mtaa wetu. Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, saa tatu asubuhi hivi, Kariakoo imefurika. Jengo la ghorofa nne likashuka lote. Tuliusikia mshindo, kisha vumbi likaingia mpaka ndani ya mashuka. Vijana wa sokoni walianza kuchimba kwa mikono, wakafuata Zimamoto na wanajeshi, na kwa siku kadhaa mji mzima ulijua kwamba kuna watu hai chini ya kifusi wanaozungumza na waokoaji. Waliokufa walizidi 20. Rais aliagiza ukaguzi, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, akaunda timu ya kupita kwenye majengo ya Kariakoo. Niliwaona wakaguzi barabarani na kofia zao, nikashukuru.

Shukrani yangu ina mkia. Mtu akishapimwa hospitali huambiwa ana nini. Mimi ninayelala ndani ya jengo ndiye ningependa kusoma, mlangoni pangu, kwamba limekaguliwa lini na limeonekana lina nini. Mlango wetu una tangazo la kukodisha stoo na picha ya mganga.

Na hapo ndipo nifike kwenye hilo neno, stoo. Jengo letu lilichorwa maduka chini, watu juu. Leo ghorofa ya tatu, ya nne na ya tano hakuna anayelala. Vyumba vya kulala vimejaa marobota ya vitenge, maboksi ya sahani, mipira ya mabomba. Lifti iliyowekwa kwa ajili ya watu inapandisha mizigo tangu alfajiri, ndiyo maana inakufa kila baada ya wiki mbili na mimi na magoti yangu tunapanda ngazi. Ngazi zenyewe zina maboksi kila kona. Moto ukitokea sijui nitapita wapi, na sisi wa Kariakoo tunaujua moto. Tuliona soko letu likiungua Julai 2021, soko alilolichora Beda Amuli, fahari ya mtaa huu tangu nikiwa mtoto.

Lakini acha moto, sakafu yenyewe je? Sakafu ya makazi kwa kawaida huchorwa ibebe kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba: kitanda, kabati, watu na wageni wao. Marobota yaliyopangwa hadi darini yanazidi hapo mara kadhaa. Aliyechora alichora usingizi, aliyekodisha akakodisha mzigo. Kodi ya stoo ni kubwa kuliko kodi ya familia, basi familia zinatoka moja baada ya nyingine, na mnaojivunia kwamba mji unapandisha makazi mnahesabu madirisha. Njooni usiku mhesabu taa.

Ndiyo maana nataka kibali kiseme kila ghorofa ni ya kazi gani. Ghorofa ya nne, makazi. Maneno manne hayo yakiwa ukutani, mwenye stoo atajua kwamba nami najua.

Sasa mwaka huu mduara umefunga. Kiwanja cha yule mama wa vitumbua kimeuzwa mara ya pili, nyumba imevunjwa, mabati yamezungushwa, na wanachimba. Pampu inanguruma chini ya dirisha langu. Maji yanatoka barabarani, watoto wanafurahi. Wiki ya tatu nikaona kitu kwenye ukuta wa ngazi zetu, ghorofa ya pili, nikadhani ni utando wa buibui. Nikapitisha kidole. Ni ufa.

Nikafanya kama yule mama. Nilikwenda saiti kuuliza mnachimba mpaka wapi na mnajenga ngapi. Kijana wa getini, mwenye adabu zake, aliniita bibi na kuniambia niende ofisini. Nikaenda ofisini. Siitaji ofisi hiyo, sitaki mtu apoteze kazi kwa kufuata kanuni alizozikuta. Nikaambiwa kibali ni cha mwombaji, na mimi si mhusika. Nikauliza, ghorofa lake likinilalia ndipo nitakuwa mhusika? Yule mama karani alicheka, kisha akaacha kucheka. Hakuwa na jibu la kunipa, na sikumlaumu. Nilirudi nyumbani nikiisikia sauti ya mama wa vitumbua, na nawaambieni haipendezi kuisikia.

Mtaniambia kuna wakaguzi. Wapo, nawaheshimu, na ni wachache. Mkaguzi anakuja saa nne asubuhi siku ya kazi. Zege linamwagwa Jumamosi usiku. Nani yupo Jumamosi usiku? Mimi. Najua lori la kokoto limeingia saa ngapi kwa sababu limeniamsha. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake kwa siku 28. Najua kama limemwagiliwa maji ama limeachwa likaungua na jua, na najua mirunda imeng'olewa siku ya ngapi kwa sababu inang'olewa kwa kelele. Katika kila mtaa wa Kariakoo, Kisutu na Upanga mna wakaguzi wa bure waliojipanga kwenye madirisha, wazee wasiolala, wanawake wanaoanika nguo juu ya dari, walinzi, mama ntilie. Macho wanayo. Karatasi ya kulinganishia ndiyo hawana.

Kuna bango la mradi, mtasema. Kweli, sheria ya makandarasi imelileta na limesaidia: mwenye mradi, mkandarasi, mshauri, namba za usajili. Mabango mengi ninayopita mbele yake hayasemi ghorofa ngapi zimeruhusiwa wala shimo linafika wapi, na mengine yamegeuziwa ndani ya uzio yanasomwa na mafundi. Sitaki bango jipya. Ongezeni mistari minne kwenye lililopo, mligeuze lielekee barabarani.

Rafiki yangu mmoja aliyefanya kazi serikalini amenionya. Ameniambia, mwalimu, ukibandika kibali ukutani umewapa watu silaha. Kila kishoka wa mtaa atakwenda kwa mwekezaji na mkono wazi: naona umezidisha nusu mita, tuongee. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu si uongo, watu wetu nawajua. Lakini huyo kishoka leo anauza nini? Anauza kujua. Anamjua mtu anayemjua mwenye jalada. Namba ikiwa ukutani inasomwa na kila apitaye, haina tena wa kuiuza, na huyo wa mkono wazi atakuta mwekezaji anamwambia nenda kaseme, watu wote wameshaona.

Mwingine kaniambia wananchi hawaelewi michoro. Sijaomba michoro. Naomba namba mbili, kazi ya kila ghorofa na jina moja. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi. Darasa la tatu wanayaweza hayo.

Na wale wataosema ni siri ya biashara ya mtu, nawakumbusha kwamba nchi hii ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu 2016, na Sheria ya Mipango Miji tangu 2007. Mipango miji maana yake ni kwamba urefu wa nyumba yako si jambo lako peke yako. Bei uliyonunulia nondo, siri yako. Kina cha shimo lililo hatua tatu kutoka kwenye msingi wangu hakiwezi kuwa siri kwangu.

Mkilikubali hilo, kuna lingine linalokwenda nalo, nalo ni dogo. Kabla koleo halijagusa ardhi, mhandisi wa mradi apite kwa majirani pande zote, apige picha kuta zao, nyufa zilizopo ziandikwe, jirani atie saini na abaki na nakala. Inamlinda hata mwekezaji, maana tupo majirani wa kumbambikia mtu ufa wa zamani wa marehemu babu. Laiti tungefanya hivyo sisi, yule mama angekuwa na kitu cha kushika mkononi.

La hati nitaligusa tu nipite. Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ipo tangu 2008. Fleti ninayokaa haina hati ya sehemu, na wengi ninaowafahamu humu Kariakoo tuko hivyo hivyo, tuna barua ya mwekezaji na funguo. Naelewa kwa nini yangu itakuwa ngumu kupatikana. Nani ataipa hati ghorofa ya tisa ya jengo la nane? Niliyataka mwenyewe. Ila mtu anayenunua leo, kijana wa miaka 30 anayelipa kwa akiba ya miaka kumi, angesoma ukutani kabla hajatoa fedha kwamba ghorofa anayouziwa haipo kwenye kibali. Angeokoka.

Mtauliza, na wewe mwalimu je, upo tayari kibali cha jengo lenu kibandikwe? Nimeulizwa swali hilo na wadogo zangu, kwa sauti ya juu, tukiwa tunakula. Wanaogopa tutaambiwa tushuke. Mimi pia naogopa. Nina vitu vyangu humu, nina picha za wanafunzi wangu, nina mche wa mrehani dirishani ulioshika vizuri. Nimewajibu kwamba ndiyo, kianze chetu. Hawajasema nami tangu Ijumaa.

Kwa hiyo, waheshimiwa, njooni. Nipo mchana wote isipokuwa saa ya dawa. Lifti ikiwa imekufa msijali, pandeni ngazi polepole, na mkifika ghorofa ya pili simameni hapo kwenye kona, sogezeni lile boksi la sahani. Mtauona ufa. Kwenye ncha yake nimechora alama kwa kalamu ya bluu na kuandika tarehe pembeni. Juu ya hiyo mtakuta alama nyingine, na juu yake nyingine, kila moja na tarehe yake. Ya mwisho nimeiandika leo asubuhi.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, ghorofa ya tisa, Kariakoo